DKT. AKBAR MAHOMED: TABIBU ALIYEUSOMA MOYO KUPITIA MSHIPA WA MKONO

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeumba moyo na akaipanga mishipa yake. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya maulamaa, mashujaa na wacha Mungu waliotutangulia. Mwaka huu nimeona tumsome mtu wa fani nyingine, naye ni tabibu aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nimemchagua kwa sababu wengi wenu mna babu, bibi au mzazi anayemeza vidonge vya presha kila siku, na wengine mmeshawahi kuwasindikiza wazee wenu hospitali mkaona wanavyofungwa kile kitambaa mkononi na kupuliziwa upepo. Ni vyema mkajua elimu hii ilitoka wapi, na mkajua pia kwamba kile kinachopimwa mkononi si hasa kile kilichomo karibu na moyo. Mtu huyu alilitambua jambo hilo mapema sana, kisha kazi yake ikasahauliwa kwa muda mrefu.

NASABA YAKE NA JINA LAKE

Jina lake kamili ni Frederick Henry Horatio Akbar Mahomed. Alizaliwa mwaka 1849 (sawa na 1265 Hijria) katika mji wa Brighton, ulioko pwani ya kusini ya Uingereza.

Babu yake aliitwa Sake Dean Mahomed, na hilo neno Sake ni Sheikh kama lilivyoandikwa na Waingereza. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1759 huko Patna, India, katika familia ya Kiislamu. Akiwa bado kijana aliingia katika jeshi la kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala sehemu za India, na mwaka 1784 akahamia Ireland. Mwaka 1794 alitoa kitabu cha safari zake, nacho ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza na mtu wa India. Mwaka 1810 alifungua mgahawa wa vyakula vya Kihindi mjini London, lakini biashara ile haikusimama. Baadaye akahamia Brighton, akafungua nyumba ya kuoga kwa mvuke na kukandwa mwili, akapata sifa hata akawa anawahudumia wafalme wa Uingereza. Neno shampuu tunalolitumia leo kwa sabuni ya nywele lina asili ya Kihindi, na yeye ni miongoni mwa waliolieneza huko, ingawa wakati ule lilikuwa na maana ya kukanda mwili.

Hapa sina budi kusema kweli, kwani mwalimu akificha ukweli amewadhulumu wanafunzi wake. Mzee Dean Mahomed alipofika Ireland alioa mke Mkristo, akaingia katika Kanisa la Kiingereza, na watoto wake wakalelewa katika dini hiyo. Kwa hiyo mjukuu wake tunayemzungumzia leo alibeba jina la Mtume wetu (S.A.W.) na jina la Akbar, lakini hakuwa Mwislamu. Baadhi ya watu wakikutana na jina lake hukimbilia kusema huyu ni wetu. Hayo si sawa. Mtu tunamshukuru kwa jema alilolifanya bila ya kumvisha kanzu asiyoivaa mwenyewe. Elimu ni amana, na habari za watu ni amana vilevile.

ELIMU YA MAPIGO KABLA YAKE

Tangu zamani matabibu walikuwa wakimshika mgonjwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kusikiliza kwa ncha za vidole jinsi mshipa unavyopiga. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), katika kitabu chake cha Al-Qanun ameyaeleza mapigo kwa mambo kumi ya kuangaliwa. Miongoni mwake ni ukubwa wa pigo, nguvu yake, mwendo wake, ugumu au ulaini wa mshipa, na kama mapigo yanafuatana kwa mpango au yanachafuka. Vitabu vyake vilisomeshwa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi.

Lakini vidole vina upungufu. Tabibu mmoja husema mshipa ni mgumu, na mwenzake akasema ni wa kawaida, na hapana wa kuwaamua. Kilichosikiwa na vidole hakibaki, wala hakiwezi kupelekwa mji mwingine kuonyeshwa watu. Mwaka 1860 mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo cha kuandika mapigo, kinachoitwa sfigmografu. Chombo hicho hufungwa juu ya kifundo cha mkono. Springi yake hulala juu ya mshipa, na kila mshipa unapoinuka, springi nayo huinuka na kukisukuma kijiti kirefu chepesi. Ncha ya kijiti huchora juu ya karatasi iliyofukizwa masizi, na karatasi hiyo husukumwa na mtambo wa saa ya kujaza ufunguo. Hivyo pigo la moyo lilipata mwandiko wake.

MWANAFUNZI ANAYEREKEBISHA CHOMBO

Kijana Akbar Mahomed alianza kujifunza utabibu hospitali ya mji wao wa Brighton, na mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 20, akaingia Hospitali ya Guy's mjini London. Hapo alikikuta chombo cha Marey na akaona kasoro yake. Chombo kikikazwa sana juu ya mshipa mchoro hutoka hivi, na kikilegezwa hutoka vingine. Basi huwezi kumlinganisha mgonjwa wa leo na wa jana, wala mgonjwa wa hapa na wa kule.

Alichofanya ni kuongeza sehemu ya kurekebisha mgandamizo wa springi na kipimo cha kuonyesha, kwa wakia, ni uzito kiasi gani unaoukandamiza mshipa. Jambo hili ni dogo kulitazama, lakini ndilo lililokifanya kile chombo kuwa mizani badala ya kitu cha kustaajabisha watu. Mwaka 1871 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya chama cha wanafunzi wa hospitali, na mwaka 1872 akaanza kuichapisha katika gazeti la matabibu. Zingatieni kwamba wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anamaliza masomo yake.

ALICHOKISOMA KATIKA MCHORO

Dkt. Mahomed hakutazama urefu wa mchoro peke yake, bali alitazama umbo lake. Aliona kwamba kila pigo lina sehemu zake. Kwanza mstari hupanda ghafla mpaka kileleni. Kisha hushuka kidogo na kufanya bega la pili. Halafu kuna kijibonde, ambacho huonyesha kwamba mlango wa moyo umefungwa, na baada yake wimbi dogo la mwisho. Alibaini kwamba kwa mtu mwenye presha kubwa lile bega la pili huinuka na kurefuka, na mshipa hubaki umejaa baina ya pigo na pigo. Alibaini pia kwamba mishipa ya wazee, iliyokwisha kuwa migumu, hubadilisha umbo la mchoro hata kama mtu hajioni kuwa ni mgonjwa.

Katika hospitali hiyo ya Guy's alikuwapo kabla yake tabibu mashuhuri, Dkt. Richard Bright, aliyefariki mwaka 1858. Yeye aliona kwamba watu wenye maradhi ya figo na protini katika mkojo, wakifa na kupasuliwa, wengi wao mioyo yao hukutwa imekuwa mikubwa. Watu wakashika kwamba figo ndiyo huanza kuugua, kisha mshipa na moyo hufuata.

Dkt. Mahomed alifanya kazi pia katika hospitali ya London ya wagonjwa wa homa za kuambukiza. Huko aliwapima wagonjwa wa homa ya vipele vyekundu, ambayo mara nyingine huathiri figo. Akaona kwamba presha hupanda kabla ya protini kuonekana katika mkojo. Aliitoa habari hii mwaka 1874. Akaendelea kupima watu wengi zaidi, wagonjwa na wazima, akakuta wapo wenye presha kubwa wasio na dalili yoyote ya figo, na wengine wanatembea na kufanya kazi zao kama kawaida. Akasema basi presha kubwa yaweza kuwa maradhi yenyewe, inayotangulia miaka mingi, na ndiyo inayokuja kuharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo.

Ndugu zangu, hili tunaliita leo jambo la kawaida. Kila kituo cha afya kinatufundisha kwamba presha haina maumivu na kwamba mtu apimwe kabla hajaugua. Lakini wakati ule wakubwa wa fani walikuwa na rai nyingine, na yeye alikuwa kijana wa miaka 25 tu. Hakuwavunjia heshima. Aliweka michoro yake mezani.

MWISHO WA UMRI WAKE

Mwaka 1881 aliteuliwa kuwa tabibu msaidizi wa Hospitali ya Guy's. Pamoja na kazi hizo alikuwa pia anasoma Chuo Kikuu cha Cambridge ili apate shahada yake huko. Vilevile alishughulika na mpango wa chama cha madaktari wa Uingereza wa kuwaomba madaktari wa miji na vijiji wajaze fomu za wagonjwa wao na kuzileta mahali pamoja, ili maradhi yajulikane kwa ushahidi wa watu wengi badala ya mgonjwa mmoja mmoja. Yeye alikuwa katibu wa kazi hiyo, na mwaka 1883 matokeo ya kwanza yakaanza kuchapishwa.

Mwezi Novemba mwaka 1884 (1302 Hijria) alipatwa na homa ya matumbo, nayo ni miongoni mwa homa alizokuwa akiwahudumia wagonjwa wake. Akafariki akiwa na umri wa miaka 35, akaacha mjane na watoto wadogo.

KUSAHAULIKA NA KUKUMBUKWA

Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alileta kipimo cha kitambaa kinachofungwa mkononi pamoja na mnara wa zebaki. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha namna ya kusikiliza sauti za mshipa kwa kifaa cha sikioni. Hapo zikapatikana namba mbili tunazozijua, ya juu na ya chini, kama vile 120 kwa 80. Kipimo hiki ni chepesi, hakihitaji fundi wa kusoma mchoro, na kimeokoa watu wengi sana. Kwa sababu hiyo watu wakaiweka kando michoro ya mapigo, na jina la Mahomed likapotea pamoja nayo.

Sasa tuulize, je, zile namba mbili za mkononi ndizo presha iliyopo karibu na moyo? Jibu ni kwamba namba ya chini hukaribiana, lakini ya juu yaweza kutofautiana sana.

Mliokulia pwani mtanielewa upesi. Wimbi likija likagonga ukuta wa gati, halifi pale, hurudi nyuma na kukutana na wimbi jingine linalokuja, na pale yanapokutana maji huinuka zaidi. Na damu ni hivyo hivyo. Moyo ukipiga husukuma wimbi katika aota, yaani ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Wimbi husafiri mpaka kwenye vijishipa vyembamba, hugonga, na sehemu yake hurudi kuelekea moyoni. Kwa kijana mwenye mishipa laini wimbi huenda polepole na hurudi kwa kuchelewa, wakati moyo umekwisha kumaliza kusukuma. Na kwa kuwa kule mkononi linalokwenda na linalorudi hukutana mapema, presha ya juu ya mkononi huwa kubwa kuliko ya kwenye aota, pengine kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki. Kwa mzee mwenye mishipa migumu wimbi hukimbia, na hurudi wakati moyo bado unasukuma. Hapo moyo hupata mzigo juu ya mzigo, ilhali tofauti baina ya mkono na aota inapungua. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupimwa mkononi wakatoa namba moja, na moyo wa mmoja ukawa unabeba mzigo mzito kuliko wa mwenziwe.

Njia ya uhakika ya kupima presha ya kwenye aota ni kuingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo. Jambo hilo haliwezi kufanyiwa kila mtu. Ndipo katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu, miongoni mwao Dkt. Michael O'Rourke wa Sydney, Australia, wakairudia njia ya zamani. Huwekwa kalamu yenye kihisio juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, pale pale walipokuwa wakishika mahakimu wa kale, na umbo la pigo huchorwa. Kisha mchoro hupewa vipimo kwa kutumia namba za kitambaa cha mkononi. Halafu kwa hesabu iliyotokana na watu waliopimwa kwa mrija na kwa mkono kwa wakati mmoja, hukadiriwa presha iliyopo kwenye aota. Imeonekana pia kwamba kimo cha lile bega la pili la mchoro wa mkononi, alilokuwa akilitazama Dkt. Mahomed, hukaribiana na presha ya juu ya kwenye aota. Dkt. O'Rourke mwenyewe ameandika kumkumbusha dunia mtu huyu.

Manufaa yake yalionekana katika utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2006, wa watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wakitumia dawa za presha za aina mbili. Mkononi makundi yote mawili yalikaribia kuwa sawa. Lakini ilipokadiriwa presha ya kwenye aota, kundi moja lilikuwa chini ya jingine kwa wastani wa zaidi ya milimita 4. Kumbe dawa zinaweza kulingana mkononi na zisilingane moyoni.

Hata hivyo, makadirio haya yana mipaka. Kama kitambaa cha mkono kimefungwa vibaya au namba zimesomwa vibaya, basi na hesabu yote iliyojengwa juu yake itakuwa na kasoro. Na mpaka leo kipimo cha mkononi ndicho kinachotegemewa katika tiba ya kila siku. Asije mtu akamwambia babu yake aache dawa kwa kuwa amesoma katika jarida kwamba mkono si moyo. Dawa habadilishi mtu ila kwa kauli ya daktari wake.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, tusiridhike na jina. Jina zuri ni neema, lakini halimfanyi mtu kuwa vile lilivyo. Ukiitwa Muhammad au Fatma, una deni la kulilipa kwa matendo yako.

Pili, tuwe wakweli katika kusimulia. Uislamu haupungukiwi na kitu tukisema kwamba huyu hakuwa katika sisi, wala haupati nguvu kwa kudai asiyekuwa wake.

Tatu, anayetafuta elimu aanze na mizani yake. Kabla ya kuwapinga wakubwa, kijana huyu alikitengeneza kwanza chombo chake mpaka kikaaminika. Wengi wetu tunatangulia na rai, na mizani hatuna.

Nne, elimu nyepesi ikija, ile nzito isitupwe. Namba mbili zilikuwa na faida kubwa, lakini kwa kuzipenda peke yake watu walisahau umbo la pigo kwa miongo mingi. Tunao katika misikiti yetu wazee wenye elimu ambayo hapana anayekaa mbele yao kuichukua. Wakienda, itabidi mtu aje aianze upya.

Tano, mtu alikufa na miaka 35, na baada ya karne nzima watu wamerudi katika karatasi zake za masizi. Mimi mwandishi nimo katika umri huo huo, na kila nikifikiria najiuliza ninaacha nini. Nanyi jiulizeni mapema kuliko mimi.

Mwisho, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa katika mwili kuna pande la nyama ambalo kutengemaa kwa mwili wote kunategemea hilo. Tabibu huyu alitafuta habari za moyo wa damu kwa kutazama kinachodhihiri mkononi. Na habari za moyo ule mwingine nazo hudhihiri kwenye mikono na ndimi zetu. Lakini hukumu yake ya hakika iko kwa Mwenye kuujua peke yake, basi tusiwahukumu wenzetu kwa tunachokiona kwa nje tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape afya wazee wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.